"Kama nalipa kodi, bima ya nini tena?"

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma, na msimu ukiisha nauza mboga. Mume wangu ana bodaboda mjini. Mwaka jana mama mkwe, ana miaka 67 na ana sukari, alipata kidonda kwenye kidole cha mguu. Tukamsafisha kwa maji ya chumvi, tukawa tunafungua vidonge vya rangi mbili na kumnyunyizia unga wake, maana hospitali tulijua kitu cha kwanza ni hela. Mguu ulipoanza kunuka ndipo tukampeleka mjini. Akakatwa chini ya goti. Gharama zote, pamoja na dawa tulizotumwa kununua nje, zilifika laki tisa na themanini. Tuliuza ng'ombe wawili, pikipiki tukaiweka rehani, na mpaka leo tunalipa. Sasa kila mtu anasema bima ya afya kwa wote, na nyumbani hapakaliki. Baba mkwe anasema enzi za Mwalimu matibabu yalikuwa bure, serikali irudishe vile vile. Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari, anasema vya bure ndivyo vilivyoharibu hospitali, watu watajazana hata kwa mafua, na kwamba yeye anakatwa kila mwezi, kwa nini atibu watu wasiochangia? Mimi najiuliza: sabuni nalipa kodi, vocha nalipa kodi, kutuma hela nakatwa. Kama nalipa kodi, bima ya nini tena? Na nikilipa nisiumwe, hela yangu imekwenda wapi? Nani kati yetu yuko sahihi?"*

Marahaba dada, na mbukwa kwa wote hapo nyumbani. Mpe pole mama mkwe. Nitajibu ugomvi wenu, lakini kuna jambo katika barua yako limenikaa rohoni kuliko hilo swali la mwisho, na umelipita kama kitu cha kawaida: "hospitali tulijua kitu cha kwanza ni hela." Hamkuwa mmeambiwa bado. Mlijua. Hakuna mtu aliyewafukuza, hakuna muuguzi aliyewafokea. Bei iliwazuia mkiwa bado sebuleni kwenu.

Nimefanya kazi ya udaktari katika wilaya za mkoa huu kwa miaka mingi kabla sijaingia kwenye mambo ya fedha za afya, na wagonjwa wa namna hiyo ndio hawamo katika daftari lolote. Anayefika dirishani akashindwa kulipa tunamwona, tunamwandika, hata tunamhurumia. Anayebaki nyumbani akihesabu ng'ombe hatumwoni mpaka mguu unuke. Niliwahi kumpokea mzee mmoja mwenye ngiri iliyokaba. Alikuwa na siku tatu za maumivu. Nilipomuuliza alichokuwa akisubiri, mwanawe alijibu kwa niaba yake, bila aibu wala hasira: "Tulikuwa tunasubiri mnunuzi wa alizeti." Mnunuzi alifika siku ya tatu. Utumbo ulikuwa umeshaoza.

Sasa tazama hesabu ya mguu wa mama yenu. Kwa mwenye sukari ya muda mrefu, mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi, na mishipa midogo ya damu hupungua kazi. Kidonda hakiumi, kwa hiyo hakitishi, na damu inayotakiwa kukiponya haifiki vizuri. Wiki ya kwanza anahitaji kusafishwa na mtu aliyefundishwa, chachi, dozi kamili ya antibiotiki ya kumeza, na dawa yake ya sukari irekebishwe. (Unga wa rangi mbili juu ya kidonda haufanyi kazi hiyo. Unagandisha juu, usaha unaendelea chini. Siwalaumu, nimeuona kila kijiji nilichopita.) Kazi hiyo ya wiki ya kwanza ni sehemu ndogo sana ya laki tisa na themanini, na mguu ungekuwa na nafasi nzuri ya kubaki. Fedha mliyodhani mnaiokoa ndiyo iliyozaa deni. Na deni hilo si lenu peke yenu. Ng'ombe wawili wameondoka zizini, pikipiki haiingizi hela yote nyumbani, na mama mkwe sasa anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenda msalani. Nchi nzima imepoteza, ila risiti mmeandikiwa nyie.

Kwa hiyo nikuulize swali lako upya, kabla ya bure au bima. Swali la msingi ni hili: fedha ya matibabu itoke lini? Ikitoka siku ya kuumwa, itatoka kwa mgonjwa, na mgonjwa ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote siku hiyo. Ikitoka kabla, wakati watu ni wazima, inaweza kutoka kwa wote, kidogo kidogo. Kodi ni njia moja ya kuitoa kabla. Bima ni njia nyingine. Hizo mbili ni ndugu. Adui yao ni dirisha la malipo.

Nianze na baba mkwe, maana mzee ana haki zaidi ya anavyosikilizwa. Ni kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilijenga zahanati vijijini kwa kasi, na mwaka 1977 ikapiga marufuku matibabu binafsi ya kibiashara. Zahanati nyingi tunazozitumia leo huku katikati ya nchi zina mizizi katika miaka hiyo. Mtu alikwenda akatibiwa bila kutoa senti. Ila muulize mzee taratibu, akiwa ametulia: mwaka 1984 ulipokwenda zahanati ulipewa nini? Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha kula hazina, mafuta yamepanda, bei ya mazao yetu nje imeshuka. Ushauri ulikuwa bure na kitanda kilikuwa bure, lakini kabati la dawa lilikuwa tupu. Unaandikiwa kikaratasi, unatafuta dawa kwa magendo. Matibabu binafsi yakaruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 ukaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu yake, kwanza hospitali kubwa kisha ukashuka chini. Mimi nilikuwa kijana, na nakiri niliuunga mkono. Nilidhani hela kidogo ya mgonjwa ingerudisha dawa kabatini. Sehemu nyingine zilirudi kweli. Ila hatukuhesabu waliobaki nyumbani, kwa sababu kama nilivyosema, hawamo daftarini.

Kwa hiyo kilichokufa wakati ule ni fedha. Wazo la kumtibu mtu bila kumdai mlangoni halikuwa na kosa. Kilichokosekana ni chanzo kinacholijaza kabati kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Shemeji naye. Nitamjibu kwa kirefu kidogo kwa sababu maneno yake ndiyo nayasikia sana mjini, hasa kwa watumishi wenzangu. Anasema yeye anakatwa, wengine hawachangii. Mchango wa mtumishi wa umma kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ni asilimia 6 ya mshahara. Yeye anakatwa 3, na mwajiri anaongeza 3. Mwajiri wake ni nani? Serikali. Na serikali haina shamba la zabibu. Inapata fedha kutoka kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 uliyolipa juu ya sabuni yako, kwenye kodi ya vocha, kwenye tozo za mafuta ya pikipiki ya mumeo. Maana yake ni kwamba nusu ya kadi ya mwalimu inalipwa na walipa kodi, ukiwemo wewe. Na nusu nyingine inatoka kwenye mshahara ambao nao ni kodi. Simsemi vibaya, mwalimu anaifanyia kazi fedha yake. Nasema tu kwamba mkulima wa Hombolo amekuwa akimchangia bima mwalimu tangu mfuko ulipoanza mwaka 2001, bila kuwa na kadi yake mwenyewe. Wakati muswada wa bima kwa wote unajadiliwa, takwimu za serikali zilikuwa zinataja takribani asilimia 15 ya Watanzania walio na bima ya aina yoyote. Wengi wa waliobaki ni watu kama wewe, na kodi wanalipa.

Kuhusu kujazana hospitali kwa mafua: nina mfano mmoja tu, naona unatosha. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinatolewa bure nchi nzima, na dawa za kifua kikuu pia. Je, kuna mtu uliyewahi kumwona anakwenda kujiombea ARV kwa sababu ni bure? Matibabu si pilau ya harusi. Mtu mzima wa afya haamki alfajiri, akapanda gari Hombolo mpaka mjini, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane ili achomwe sindano ya starehe. Ni kweli wakiondolewa malipo watu huongezeka, lakini wengi wa wanaoongezeka ni wale wa kidonda cha wiki ya kwanza. Hao tunawataka.

Matumizi ya hovyo yapo, sikatai, ila mara nyingi yanaanzia upande wetu wenye makoti meupe. Ukimlipa mtoa huduma kwa kila kipimo na kila dawa, atakupima hata kisichohitajika. Ndiyo maana ugomvi wa bei kati ya mfuko na watoa huduma haukwishi. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kupinga kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei zake. Wagonjwa walihangaika, na sikufurahia. Lakini jambo moja lilionekana wazi: mnunuzi mkubwa anaweza kukaa mezani na hospitali akabishana bei. Wewe ukiwa dirishani na mama anaugulia kwenye kiti cha magurudumu, utabishana na nani?

Sasa wewe. "Kama nalipa kodi, bima ya nini tena?" Nimelisoma swali lako mara mbili, na ningependa lingeulizwa pale bungeni kwa maneno hayo hayo.

Kwanza niondoe ile dhana ya kwamba ukilipa usiumwe hela imepotea. Hapo kijijini kwenu bila shaka mna kikundi cha kuzikana. Unatoa mchango kila mwezi. Mwaka ukiisha bila msiba kwako, unakwenda kudai mchango wako urudishwe? Hapana, unashukuru Mungu. Hela yako ilimzika baba wa jirani, na unajua ikifika zamu yako watakuja. Bima ni hicho kikundi, kikubwa tu.

Lakini kikundi hicho kina ugonjwa wake. Chukua mfano wa kijiji chenye kaya 100. Tuseme kila mwaka kaya 5 zinapata ugonjwa mkubwa, na kila ugonjwa unagharimu 600,000. Jumla milioni 3. Wakichanga wote, kila kaya inatoa 30,000. Inabebeka, kwa shida. Sasa sema kuchanga ni hiari. Wazima wanasema mwaka huu nina mbegu za kununua, nitajiunga mwakani. Wanaojiunga ni 20, na wale 5 wagonjwa wamo, maana mgonjwa hasahau kujiunga. Milioni 3 gawa kwa 20: kila kaya 150,000. Wakisikia bei hiyo, wazima waliobaki wanakimbia, wanabaki 8, na kila mmoja anatakiwa kutoa 375,000. Hapo kikundi kimekufa, na hakuna mtu aliyeiba.

Hilo halikubaki kwenye daftari la hesabu. Toto Afya Kadi, ile bima ya mtoto ya NHIF, ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi waliikata mtoto akiwa tayari mgonjwa, jambo ambalo mzazi yeyote angefanya, na mwaka 2023 mfuko ukasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, ukaboreshwa mwaka 2018 kwa 30,000 kwa kaya ya watu sita. Miaka yote hiyo tumehamasisha. Tumepanda kwenye magari ya matangazo, tumepita misikitini na makanisani, nami nimo. Wengi hawakujiunga, na waliojiunga wengi hawakuhuisha mwaka wa pili.

Kwa nini hawakuhuisha? Nilikaa siku moja kwenye ukumbi wa zahanati moja mkoani humu, sikujitambulisha, nikaangalia. Mama amekuja na kadi ya CHF, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni usilowe. Amemwona mganga, kaandikiwa dawa tatu. Dirisha la dawa wakampa moja, panadol. Mbili "kanunue nje." Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Yule mama alisimama katikati ya uwanja, akaitazama kadi, akaifunga tena kwenye nailoni kwa utaratibu ule ule. Utamhamasisha nini mwakani?

Ndiyo maana msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kubadilisha mawazo, ni kwamba kwa nchi yenye wakulima na wachuuzi wengi kama yetu, kodi ndiyo ibebe mzigo mkubwa wa afya. Bima ya kukata mshahara ni nzuri kwa mwenye mshahara. Mkulima wa zabibu ana hela msimu wa mavuno, na Desemba hana. Kumfuata kaya kwa kaya kukusanya 30,000 kunahitaji mwandikishaji, simu, nauli, usimamizi, na mwisho unatumia hela nyingi kukusanya hela kidogo. Kodi tayari inakusanywa. Tayari unailipa.

Thailand walipita njia yetu. Walikuwa na kadi ya hiari ya baht 500 kwa wasio na ajira rasmi, serikali ikiongezea nyingine 500, na waliojiunga zaidi walikuwa wagonjwa, kama kijiji chetu cha kaya 100. Mwaka 2002 wakaacha kuuza kadi. Watumishi na wafanyakazi wa kampuni wakabaki kwenye skimu zao za bima, na wengine wote wakabebwa na kodi, mwanzoni kwa kulipa baht 30 tu kila ziara. Lakini wasikudanganye kuwa ilitosha kutangaza. Walikuwa wametumia miaka mingi kabla ya hapo kujenga hospitali za wilaya na kuwalazimisha madaktari wapya waanzie kazi vijijini. Ghana walichukua njia ya katikati: sheria yao ya bima ya 2003 ikaja na tozo ya asilimia 2.5 kwa mtindo wa VAT, inayokwenda kwenye mfuko wa afya. Wazo zuri, ila Hazina yao ikichelewa kupeleka fedha, vituo vinaanza tena kumwomba mgonjwa hela kwa mlango wa nyuma.

Hapo ndipo upungufu wa njia ninayoitetea, na lazima nikuambie. Kodi ina majirani wengi wanaoigombania: barabara, reli, mishahara, madeni. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na sisi kwa miaka mingi tumekuwa chini ya hapo. VAT yenyewe humuuma maskini kuliko tajiri, maana sabuni ni bei moja. Na tukitegemea wafadhili, tumeona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ghafla, jinsi miradi ya UKIMWI ilivyotikisika kwa usiku mmoja. Kadi ya bima angalau inampa mtu ujasiri wa kudai: "nimelipia." Ahadi ya bure isiyo na fungu la fedha inatupeleka kwenye kabati la mwaka 1984.

Na hapa niseme jambo linalomhusu mama yenu moja kwa moja. Ana miaka 67. Kwa sera yetu ya afya, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bila malipo, kama walivyo wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Hamkujua? Au mlijua mkaogopa kuuliza? Mara nyingi hospitali yenyewe haitangazi kwa sauti, na si kwa sababu ya roho mbaya. Ikimsamehe mzee, hakuna anayeirudishia hela ya uzi, glavu na dripu alizotumia. Msamaha usio na mlipaji ni deni la hospitali. Kwa hiyo mganga mfawidhi anasamehe kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaandika "kanunue nje." Huo ndio mfano mkamilifu wa ninachokieleza: haki imeandikwa, fungu halijaandikwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imejaribu kuziba tundu hilo. Inamtaka kila mkazi awe na bima, na kwa wasio na uwezo inaanzisha mfuko wenye vyanzo vyake, vikiwemo sehemu ya ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, na kodi za michezo ya kubahatisha. Mimi naiona kama kukiri kwamba bila kodi bima kwa wote haiwezekani. Ninachogombana nacho ni mstari wa katikati. Maskini kabisa atalipiwa. Mwenye mshahara atakatwa. Wewe, mwenye mizabibu nusu eka na deni la pikipiki, utahesabiwa una uwezo au huna? Mwaka 2022, muswada ulipokuja mara ya kwanza, ilitajwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, na kelele zilisikika mpaka ukarudishwa nyuma. Watu wa katikati kama wewe ndio wengi, na ndio wanaobakia nje kila skimu inapobuniwa. Ningekuwa na kura moja, ningeitumia hapo: kaya isiyo na mshahara ibebwe na kodi, ichangie kitu kidogo kinachofanana kwa wote, na watumishi wa mtaa waache kazi ya kupima umaskini wa jirani zao kwa kuangalia bati la nyumba.

Hiyo ni siasa, na inachukua miaka. Nyie mnaishi leo, basi fanyeni haya.

Usisubiri ugomvi wa nyumbani uishe ndipo ujiunge. Nenda zahanati yenu au ofisi ya serikali ya mtaa, uliza ni skimu gani inaandikisha hapo sasa, kiasi gani kwa kaya, inahesabu watu wangapi, kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi, na inafika hospitali gani ukipewa rufaa. Mwambie anayekuandikisha mapema kwamba mna mgonjwa wa sukari, na uliza kama dawa zake zimo kwenye kitita. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu hela mkononi. Jiungeni baada ya mavuno, wakati hela ipo, na familia nzima, wazima kwanza. Nimeshaeleza kwa nini.

Kwa mama, omba barua ya utambulisho ya mzee kwa mtendaji, kisha mkifika hospitali yoyote ya serikali muulizie afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirishani. Ana ofisi, mara nyingi karibu na mapokezi, na kazi yake ni hiyo hiyo. Akiwa hayupo, omba kumwona mganga mfawidhi wa zamu. Lugha ya upole, barua mkononi, usiondoke bila jibu. Na deni lile la hospitali kama lipo lililobaki, mwombe huyo huyo akutazamie, hata kama mwaka umepita.

Lililobaki ni la kitabibu na haliwezi kusubiri sheria yoyote. Mwenye sukari aliyekatwa mguu mmoja, mguu wa pili uko hatarini kuliko wa mtu mwingine yeyote. Leo jioni, kabla ya kulala, mkalishe mama kwenye mwanga, umvue kiatu, utazame kati ya vidole, chini ya kisigino na ukingoni mwa kucha. Yeye hatahisi, kwa hiyo macho yenu ndiyo maumivu yake. Ukiona mpasuko, lengelenge, weusi, uvimbe, au ngozi yenye joto kuliko sehemu nyingine, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni kadogo kama punje ya uwele. Akiwa na homa, au kidonda kinanuka, au amechanganyikiwa maneno, msipitie zahanati, nendeni moja kwa moja hospitali ya mkoa usiku huo huo. Asitembee pekupeku hata uani, na maji ya kumwogeshea apime mtu mwingine kwa kiwiko. Na vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini, mrudishie mwenye duka.